Mikono ya Alhamisi

Alhamisi ya kwanza ya Aprili, saa kumi na nusu alasiri, Mama Odessa Tolliver alipanga viti kumi na viwili katika ukumbi wa chini wa Kanisa la Mlima Nebo, akafunika makaroni ya jibini yasipoe, akauliza kama kuna mtu aliyeona kijiko chake kikubwa. Kijiko kilikuwa ndani ya sufuria ya sukuma wiki. Vijana sita wa baraza la mtaa walikuwa wameshakaa. Kisha askari sita wakashuka ngazi, mmoja nyuma ya mwenzake, na mikono ya vijana ikapanda juu.

Ilipanda yenyewe, yote kumi na miwili, viganja mbele, vidole vimeachana ili ionekane wazi kuwa havikushika kitu. Hakuna aliyeshangaa. Katika mji wa Marlow Bend mikono ya watu weusi imekuwa ikipanda hivyo mbele ya sare ya polisi tangu enzi za bibi zao, na haishuki mpaka sare iondoke. Mtoto hufundishwa mapema, kabla hata ya baiskeli: onyesha viganja, sema taratibu, usikimbie. Mikono imelisikia somo hilo mara nyingi mpaka ikalihifadhi kuliko wenyewe. Fundi nguo wa mtaa huo akishona shati huacha nafasi kwapani bila kuambiwa.

Aliyeitisha mazungumzo yale ni Keyonna Pettway, mwenyekiti wa baraza, umri miaka kumi na tisa, mpiga ngoma kubwa wa bendi ya mtaa. Alikuwa na sababu yake. Mwaka uliotangulia, kwenye gwaride la Juni Kumi na Tisa, siku ya kukumbuka habari za uhuru zilizowafikia watumwa kwa kuchelewa, askari walipangwa barabarani pande zote mbili kwa ajili ya usalama. Bendi nzima ilipita kimya, mikono juu, ngoma zikining'inia tumboni. Watazamaji nao walikuwa na mikono juu, kwa hiyo hata makofi hayakuwepo. Keyonna alilia njia nzima na hakuweza kujifuta. Alipofika nyumbani aliandika barua kituoni. Mwaka huu alitaka kupiga ngoma yake, basi, hana jingine.

Mikono ya Mama Odessa ina baridi yabisi, ikipanda huishia mabegani, na hapo anaweza kubeba sinia vizuri tu. Alilipitisha sinia kwa askari, wakajipakulia. Sajini Dale Wojcik, mtu mweupe mnene mwenye masharubu, alitoa mfukoni kurasa nne kuhusu taratibu za kazi, akakohoa.

"Kwangu hapazungumzwi kwa tumbo tupu," Mama Odessa alimwambia.

"Mimi nina chakula, mama. Hawa je, watakula vipi?"

"Kwani wewe huna mikono?"

Wojcik akaangalia mikono yake. Akavuta kiti mpaka mbele ya Keyonna, akashika kijiko. "Nianze na nini?"

"Anza na makaroni," Keyonna alisema.

Ni vigumu kumlisha mtu usiyetaka kuzungumza naye. Dakika tano hazikuisha ukumbi ulikuwa na kelele. "Puliza kwanza, afande." "Tonge gani hilo, unapakia lori?" "Huyu ananipa maharage matupu, nyama anaipigia chabo." Wojcik alizikalia kurasa zake nne, na hakuna aliyezidai.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Alhamisi ya tatu Mama Odessa aliwapa askari aproni, wakaosha vyombo huku yeye akianzisha pambio. Pale Mlima Nebo makofi hupigwa kwenye mbili na nne, yaani pigo la pili na la nne. Hata watoto wa kunyonya wanajua. Wojcik, mikono imejaa povu, alijiunga kwa moyo wote na akapiga moja na tatu. Pambio likachechemea. Vijana walicheka mpaka mikono yao ikatetemeka kule juu, na walipotulia, Mama Odessa alichukua utepe wake wa kushonea akampima Keyonna. Mikono ilikuwa imeshuka inchi mbili.

"Kicheko kina inchi mbili," alisema, akaandika ukutani kwa penseli.

Kisha kazi ikasimama. Mei nzima mikono haikushuka hata kidogo. Walizungumza mpira, nywele, saladi ya viazi na kama ni halali kutia zabibu ndani yake, jambo ambalo karibu livunje kikao. Lakini mikono ilikaa palepale, na Juni ilikuwa inakuja mbio. Keyonna alianza kukata tamaa. Usiku aliota vijiti vya ngoma vimeota majani.

Alhamisi ya mwisho ya Mei, Konstebo Curtis Broadnax, askari pekee mweusi kati ya wale sita, alikuja akiwa mapumzikoni. Alivaa fulana ya njano na ndala. Aliteremka ngazi akiwa na bakuli la pichi, akamwona mwenzake Wojcik ndani ya sare, na mikono yake ikapanda. Bakuli likaanguka.

Mama Odessa akaenda kuleta ufagio. Wojcik akabaki na kijiko hewani.

"Curtis," alisema. "Tumepanda gari moja miaka tisa."

"Miaka tisa, ndiyo."

"Na kila ukiwa mapumzikoni?"

"Kila nikiwa mapumzikoni, Dale. Kwa nini unafikiri sijawahi kuja kwako kuchoma nyama?"

Wojcik alishusha kijiko. Kisha akahamisha kiti chake, akamlisha mwenzake wa miaka tisa sahani nzima, polepole, bila kumwaga. Alipomaliza alirudi kwa Keyonna, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili aliuliza swali ambalo hakuwa na jibu lake.

"Mara ya kwanza ilikuwa lini? Mikono yako."

"Nilikuwa na miaka kumi na moja," Keyonna alisema. "Nimebeba ngoma kwenye begi, natoka mazoezini. Mkanilaza kwenye majani mkafungua begi. Mmoja wenu akaipiga kofi ngoma aone kama kuna kitu ndani. Ulikuwa wewe."

Askari wengine walitazama sakafu. Wojcik alifungua mdomo, na kila mtu alijua maneno yanayofuata, kwamba kulikuwa na taarifa ya wizi, kwamba sheria inasema. Hakuyasema.

"Sikumbuki," alisema. "Wewe umekaa nalo miaka minane, mimi silikumbuki hata kidogo. Nisamehe."

Liliuma jibu lile, liliuma kuliko uongo. Lakini lilikuwa la kweli, na mikono ya Keyonna ikashuka kama mtu anayetua ndoo, kifuani, kiunoni, mapajani. Akaitazama. Akachukua leso ya Mama Odessa akajifuta mwenyewe machozi, taratibu, kwa raha zake, jicho moja baada ya jingine. Mikono ya wenzake watano ilishuka Alhamisi iliyofuata, kila mmoja kwa hadithi yake, na ya Broadnax mwishoni, ingawa ilibidi Wojcik avae sare siku mwenzake alipokuwa mapumzikoni na kwenda kukaa barazani kwake alasiri nzima.

Juni Kumi na Tisa jua liliwaka na ngoma zikaanza saa nne asubuhi. Njia nzima ya Mtaa wa Dumas walisimama wale sita wa Alhamisi, na bendi ikawapita ikipiga. Keyonna aliitwanga ngoma kubwa mpaka vioo vya kinyozi vikaitika, na mabibi wakainuka vitini. Mimi nilikuwepo na nilicheza, na kwa umri wangu sichezi ovyo.

Kwenye kona ya mahakama walisimama askari wa kuazima, wageni kutoka wilaya ya pili, miwani myeusi, hawajawahi kuonja sukuma ya mtu. Bendi ikakata kona. Mikono ikapanda.

Ngoma ilinyamaza mapigo mawili. Kisha Broadnax na Wojcik wakaja mbio na sare zao, wakachomoa vijiti vidoleni mwa Keyonna, kimoja kila mmoja, wakapiga. Broadnax alipiga mbili na nne. Wojcik alipiga moja na tatu. Gwaride zima likapita mbele ya mahakama likichechemea.

"Mbili na nne, Dale!" Keyonna alipiga kelele, mikono juu, akicheka mpaka akakosa pumzi. "Alhamisi zote hizo!"

Baada ya kona mikono ilishuka, naye akapokonya vijiti vyake.

Alasiri watu walikula bustanini. Wojcik alikwenda kuelekeza magari. Broadnax alikuwa ameshamaliza zamu na kuvaa ile fulana ya njano, akaketi karibu na Keyonna, sahani zimejaa makaroni, mbavu za kuchoma bado zinatoa moshi. Wale wageni wa mahakamani walikuja kupanga foleni ya chakula. Mikono ya Broadnax ikapanda. Ya Keyonna ikapanda. Benchi kwa benchi, mpaka mtoni, bustani nzima ikapanda.

Broadnax alishusha pumzi. Keyonna alizitazama mbavu zake zikipoa. Kisha akaita.

"Wewe mwenye miwani. Ndiyo, wewe. Njoo ukae."

Yule askari alikuja. Alikuwa kijana, rika lake, na uso ulikuwa umemwiva kwa jua. Aliangalia benchi lile, mikono minne hewani, sahani mbili. Akavua miwani.

"Nifanye nini?"

"Chukua kijiko," Keyonna alimwambia. "Anza na makaroni."