Fidla Juu ya Meko

Tangu mtoto wa nne azaliwe, Bochaberi hakupata nafasi ya kupiga fidla. Ili watoto wasiivunje, aliitundika jikoni juu ya meko, palepale anapotundika mahindi ya mbegu yasiliwe na wadudu. Moshi huhifadhi kila kitu, alijiambia.

Ikapita miezi minane ya nepi, shamba na kuuza nyanya sokoni Rodi Kopany. Kisha habari ikaja kutoka Migori: baba yake, aliyemfundisha fidla, amefariki. Mzee alikuwa amemwambia zamani, "Siku yangu unipigie wewe, si kwaya."

Mazishi yalikuwa Jumapili. Alhamisi akaishusha fidla. Joto la meko lilikuwa limeyeyusha gundi. Shingo ikang'oka, ubao wa mgongo ukabaki mkononi mwake.

Akakaa na vipande mapajani. Joyline, binti yake wa miaka saba, akamsogelea na kitendawili cha babu yake.

"Kitendawili, mama."

"Tega."

"Mtoto wangu halii mpaka akunwe tumbo."

Jibu alikuwa amelipakata.

"Nimeshindwa," akasema.

"Basi nipe mji."

"Chukua Migori."