Jipiesi ya Pikipiki ya Yussuf

Yussuf Sheha alikuwa mtu wa Wete, Pemba, aliyehamia Tanga, akaoa, akapata kazi ya kununua samaki vijijini kwa kampuni ya Bwana Badr. Kampuni ilimpa pikipiki na sanduku la barafu, ikamwachia pwani nzima. Kazi aliiweza. Kasoro yake ilikuwa moja tu: hakuwa akiuliza njia. Akifungua kinywa, watu wanacheka, "Kumbe Mpemba huyu!" na kabla hajaelekezwa ni lazima asikilize kwanza mzaha wa karafuu. Basi heri apotee.

Na kupotea alipotea. Masika yalipoikata barabara ya pwani ilimbidi azungukie Pongwe na Muheza, akajikuta ndani ya mashamba ya mkonge, ambako kila mstari ni pacha wa mwenzake. Alizunguka humo mpaka barafu ikawa maji na nguru wakaanza kunuka. Bwana Badr hakumfokea. Alimwambia kwa upole uliomuuma kuliko tusi: "Yussuf, siku hizi kuna vyombo vya kuonyesha njia, vinasikilizana na setilaiti. Kachague kimoja, kampuni italipa."

Kachague! Neno lenyewe lilikuwa geni. Ujana wa Yussuf uliishia kwenye foleni, zama zile duka la kaya likileta viatu vya saizi moja basi mtaa mzima unavaa saizi hiyo, wenye miguu mikubwa wakikanyaga visigino. Hukuchagua; ulipata au ulikosa. Kisha biashara ikafunguliwa, bidhaa zikajaa mpaka barazani, na watu wa rika lake wakawa wanaingia madukani kama wageni msibani, hawajui wakae wapi.

Walikwenda Ngamiani yeye na mkewe Mwanaima, kwenye duka la Marwan, ambaye wajomba zake wa Oman walimpokelea mizigo Dubai. Marwan akaziweka jipiesi tatu juu ya kioo.

"Hii ndogo ni ya wapanda milima," alisema. "Hii ya pili ya gari, inakula umeme. Na hii..." akaiinua kubwa kwa mikono miwili, kama anayempakata mtoto, "hii haijali maji, haijali mtikisiko, haijali chumvi."

"Inajua njia ya Pangani?" Mwanaima akauliza.

"Dada, inajua dunia nzima."

"Sikuuliza dunia. Nimeuliza Pangani."

Marwan akacheka, akaanza kufuta vumbi lisilokuwepo. Yussuf akamkanyaga mkewe mguu taratibu. Mtu amekuja kununua chombo cha kumwepusha na kuuliza, leo aanze kuuliza dukani?

Juu ya boksi palikuwa na picha ya boti nyeupe ikipasua mawimbi.

"Baba Nasima, mbona pana boti hapa?"

"Kiberiti nacho kina picha ya simba. Umeshamkuta simba ndani?"

Akaichukua ile kubwa.

Fundi alimfungia kwenye usukani, na alasiri hiyohiyo Yussuf akaenda kuijaribu Raskazone, akipita mbele ya yale majumba ya zamani yanayotazama bahari. Kioo kilijaa mistari na namba, na kila akikaribia maji chombo kilitoa mlio wa furaha. Waliokuwa wakipunga upepo wakasimama kumtazama. Siku hiyo alirudi nyumbani kifua mbele.

Jumatatu akashika njia ya Ushongo, kijiji cha wavuvi ng'ambo ya mto Pangani. Mpaka Kigombe mambo yalikuwa mazuri. Namba zilisema kumi na nne, tisa, sita, naye akajiambia kwamba Pangani imekaribia kuliko alivyodhani. Bahari ilipojificha nyuma ya minazi, mistari ikafutika. Pikipiki ikabaki nukta nyeusi katikati ya weupe mtupu, mbele yake njia panda. Akasimama. Wanawake waliokuwa wakirudi shambani wakamkuta anakigonga kioo kwa kidole.

"Umepotea, baba?"

"Sijapotea. Naisubiri setilaiti."

Wakatazama juu, wakatazamana. "Haya," akasema mmoja, mtu mzima, akiweka sawa mzigo wake wa kuni. "Ikifika, iambie ikate kushoto."

Yussuf alingoja mpaka vicheko vyao viishie mbali. Ndipo akakata kushoto.

Pale Pangani alipanda pantoni kuvuka mto. Walipofika katikati ya maji, chombo kikalia, kioo kikajaa mistari na namba tele. Abiria wakamzunguka.

"Inasemaje, bwana?"

"Inasema tuko mtoni."

"Masha Allah!"

Lakini Yussuf moyo ulikuwa umeshamlipuka. Mtoto wa kisiwa asiyajue maji? Zile namba alizozihesabu kuwa ni kilomita zilikuwa vina vya bahari. Amenunua jipiesi ya boti, akaifunga kwenye pikipiki, tena kwa pesa ya Bwana Badr. Jasho likamtoka, na upepo wote ule wa mtoni.

Ushongo alikuta samaki wameshachukuliwa na mnunuzi mwingine. Uweso, nahodha wa boti la mashine, alikuja kumpa pole, jicho likamganda kwenye usukani.

"Yakhe, hii si Maziwe hii, kisiwa chetu? Na huu mkondo wetu huu?"

Hapo Yussuf angeweza kusema kweli. Badala yake ulimi ukamtangulia: "Ndiyo. Nimekuleteeni nyinyi."

Uweso hakungoja aambiwe mara ya pili. Kila msimu wavuvi walikuwa wakiyapoteza madema yao ya kunasia samaki, maboya yakikatika kamba na mahali pakisahaulika. Kesho yake walitoka na jipiesi, wakatia alama kila walipotega, na siku ya kuopoa boti lilifika juu ya dema kama mtu anayeingia chumbani kwake. Wakakubaliana: chombo kitakaa botini, na kolekole na nguru wa Uweso hawaguswi mpaka Yussuf afike. Njia nayo hakuhitaji tena kuonyeshwa. Ukishapotea njia mara mbili, umekuwa mwenyeji.

Habari zilimfikia Bwana Badr, akamwita ofisini. Yussuf aliingia ameshajiandaa kufukuzwa.

"Wenzako wote niliowatuma walichagua vyombo vya barabarani," alisema Bwana Badr. "Wewe ukaona samaki hawako barabarani. Hiyo ndiyo akili ya biashara! Sasa nataka lori la jokofu. Nenda Dar es Salaam ukanichagulie."

"Inshallah," Yussuf akajibu.

Nyumbani alimkuta Mwanaima jikoni, akamweleza yote. Mwanaima alicheka mpaka akauweka mwiko chini, akajifuta machozi kwa pembe ya kanga.

"Basi linaondoka saa ngapi?" akauliza.

"Unataka kunisindikiza stendi?"

"Stendi gani? Mpaka Dar!" Mwanaima akaepua sufuria, akaingia chumbani kulitafuta buibui lake jipya.