Ziwa Lililozaliwa Februari

Ardhi ya magharibi mwa Tennessee ilipoanza kutikisika, mwishoni mwa mwaka 1811, Dorcas Haskew alifunga mizigo yake akaondoka. Mumewe Lemuel alikataa katakata. Alisema hawezi kuwaacha ng'ombe wake wakitangatanga msituni kwa ajili ya matetemeko mawili matatu, akaahidi kumfuata mkewe hali ikitulia. Basi Dorcas akaenda kukaa kwa shemeji yake Enos, mdogo wake Lemuel, huko mashariki kwenye miinuko.

Kisha likaja tetemeko la Februari. Liliangusha kila dohani kijijini kwa Enos. Watu waliokimbia kutoka mtoni walisimulia kwa sauti za chini kwamba mto Misisipi uligeuka ukatiririka kurudi ulikotoka, ukizibeba mashua kinyumenyume, na kwamba mashamba yalipasuka yakatapika mchanga mweusi. Walevi wa miaka mingi walipanga foleni kubatizwa kwenye maji ya barafu. Habari za Lemuel hakuwa nazo mtu.

Barafu ilipoyeyuka, Dorcas na Enos walipanda mtumbwi wakafuata kijito cha Reelfoot, njia waliyoijua vizuri. Lakini kijito kiliwafikisha kwenye maji mapana yasiyo na ng'ambo.

"Shemeji, tumepotea," Enos alisema. "Hapa hapakuwa na ziwa."

"Hatujapotea. Ule pale ni mti wa nyuki."

Enos aliutazama. Mti ule Lemuel alikuwa akiupanda kwa kamba kurina asali, na chini yake mtu alionekana mdogo kama kuku. Sasa Enos angeweza kushika tawi lake la juu kabisa bila kuinuka alipoketi.

Walipita polepole kati ya vilele vya miti. Maji yalikuwa vuguvugu, yakinuka kama baruti, na hapakuwa na ndege hata mmoja. Dorcas aliinama akaona msitu mzima umesimama wima chini yao, kisha uzio, kisha paa la nyumba yake. Mlango ulikuwa wazi. Samaki mkubwa alitoka humo taratibu, kama mwenye nyumba anayetoka kutazama hali ya hewa.

Enos aliacha kupiga kasia, akavua kofia.

"Vaa kofia yako," Dorcas alimwambia. "Sijamzika mtu mimi."

Mbele yao kilitokeza kilima kidogo, sehemu pekee iliyobaki kavu. Kilikuwa kimejaa wanyama. Mbwa mwitu wawili waliokonda walikuwa wamelala ubavuni mwa kulungu, sungura wamejikunyata kati yao, na juu ya mwamba nyoka walikuwa wamelundikana wakiota jua. Hakuna aliyemjali mwenzake. Katikati yao aliketi Lemuel, ndevu zikiwa zimemfika kifuani. Enos alinyanyua bunduki, lakini Dorcas akaukandamiza mtutu ukaelekea chini.

Lemuel aliwasalimu kama watu walioachana naye asubuhi ile. Dorcas alimpa mkate wa mahindi. Lemuel alimega kipande, akala, kilichobaki akakiweka chini, na mbwa mwitu na kulungu wakakila pamoja. Dorcas alimwuliza kama anaumwa, akajibu hapana. Alipomwambia waende nyumbani, alitazama maji, akasema kwa upole kwamba hapo ndipo nyumbani.

Mara wanyama wote wakasimama. Mbwa mwitu, kulungu, sungura, wote kwa pamoja, wakageuza vichwa vyao upande wa kaskazini. Nyoka nao waliinua shingo. Na Lemuel naye, bila neno, aliinuka akageukia upande ule ule. Hakuna kilichosikika wala kutikisika. Dorcas alimwita jina lake mara kadhaa, na uso wa mumewe haukuonyesha hata dalili ya kumsikia.

Ndipo ardhi ikanguruma. Kilima kilizama kwa mkupuo mmoja, maji yakawafika kiunoni, wanyama wakajitosa kila mmoja upande wake. Dorcas alimshika Lemuel mkanda, Enos akamshika ndevu, wakamvuta mpaka mtumbwini kama gunia. Hakupigana nao. Aliwatazama tu wanyama wakiogelea mpaka wakapotea kati ya vilele.

Walihamia kando ya mto Cumberland. Lemuel alipata kazi kwenye kinu cha kusaga mahindi, akanenepa, akanyoa, akawa mume mwema kama zamani, isipokuwa nyama hakuonja tena. Matetemeko yalipokoma, waliobatizwa wengi walirudia wiski yao, na watu wakaanza kwenda kuvua samaki kwenye lile ziwa jipya.

Miaka ilipita kabla Dorcas hajamwuliza. Walikuwa wakimenya maharage mlangoni.

"Siku ile kule kilimani ulisikia nini, Lem? Nani alikuita?"

Lemuel alitupa ganda kando.

"Sikuitwa na mtu. Palikuwa kimya tu," alisema. "Nikapapenda."

Dorcas alichukua bakuli la maharage akaingia ndani, akauacha mlango wazi.