Mafini za Unga wa Kifuani

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mke wa mchekechaji alitandika shuka jeupe sakafuni kando ya kitanda, akamgeuza mumewe kifudifudi mpaka kichwa kikaning'inia nje ya godoro, akampiga mgongoni kwa kiganja mara saba. Mume akakohoa vikombe viwili vya unga wa ngano.

Ulikuwa unga mkavu, mweupe, usio na mate wala damu. Mke alikunja pembe nne za shuka, akaubeba hadi jikoni, akauchekecha mara moja. Haukuwa na takataka. Aliuchekecha kwa sababu unga huchekechwa. Kisha alirudi chumbani, akamlaza mumewe juu ya mito mitatu, akampangusa nyusi, maana unga mwingine ulipitia puani ukapanda juu.

"Leo umetoka vizuri," alimwambia.

"Umetoka," alisema mume. Siku hizo neno moja lilimaliza pumzi moja.

Mume huyo alifanya kazi miaka kumi na tisa katika chumba cha kuchekechea cha kiwanda cha unga, kule mwisho wa barabara. Wenzake walimwita Chekeche. Chumba kilikuwa na mashine nne zilizotikisika kutwa, na dirisha moja lililopigiliwa misumari ili unga usipotee. Mwaka wa kwanza alipewa kitambaa cha kufunga puani. Mke alikifua kitambaa kile kila Jumamosi mpaka kikabaki nyuzi, na kingine hakikuja. Mwaka wa kumi na tisa Chekeche aliketi kwenye ngazi ya tatu ya kiwanda apumzike kidogo, akashindwa kuinuka. Wakamleta nyumbani kwa toroli la magunia. Kesho yake asubuhi unga ukaanza kutoka.

Wiki ya kwanza mke aliwamwagia kuku unga huo. Jambo hilo likamkaa moyoni. Alikuwa mtu wa sala, na tangu utoto alifundishwa kwamba chakula hakitupwi, kwa kuwa anayekitoa anaona kinakokwenda. Akachukua pakiti tupu ya unga wa kiwanda aliyokuwa akiwekea viberiti, akaigeuza. Nyuma kulikuwa na maelezo ya kupika mafini za kikaango. Si zile keki ndogo za kwenye vikaratasi, bali vile vimkate vya duara, bapa juu na chini, vinavyoliwa na siagi asubuhi. Pembeni walichorwa baba, mama na watoto wawili wakicheka bila sababu. Vipimo vilisema: unga, vikombe viwili.

Mke aliona hilo limekaa sawa.

Tangu hapo alizipika kila siku. Alipasha maziwa mpaka joto la kidole kuvumilia, akatia hamira na sukari kidogo, akasubiri povu. Akachanganya na unga, chumvi na kijiko cha siagi, akakanda mpaka donge likaacha kung'ang'ania vidole, kisha akalifunika kwa kitambaa chenye unyevu saa nzima. Likishaumuka alilisukuma kwa chupa hadi unene wa kidole gumba, akakata duara kwa kopo lililotolewa vifuniko vyote viwili, akanyunyizia chenga za mahindi zisigande, akazipanga kwenye kikaango kikavu, bila tone la mafuta. Moto mdogo, dakika saba kila upande. Anayeharakisha hupata nje mkaa, ndani uji. Zilipoiva hakuzitia kisu. Alizidunga uma ubavuni pande zote, akazipasua kwa mikono, na ndani zikaonyesha vishimo vishimo ambamo siagi huingia ikatulia.

Wifi yake, dada wa Chekeche, alikuja kila asubuhi kunywa chai. Alikuwa mjane na hakuwa na wa kumpikia.

"Wifi, huyu kaka yangu ana kifua au ana ghala?" aliuliza akiwa ameshika ya tatu.

"Kula, zinapoa."

"Si ninakula? Tena bora wako anakohoa unga. Marehemu wangu alikuwa anakohoa maneno, makali hayo, na hayapakwi siagi."

Chumbani Chekeche alicheka. Kicheko kikamtoa nusu kijiko.

Mke alitaka kitu kimoja tu, barua ya rufaa. Kulikuwa na hospitali kubwa yenye mashine ya kuosha vifua, nayo iliwapokea watu wa kiwanda ikiwa daktari wa kiwanda ameandika kwamba ugonjwa umetokana na kazi. Mke alikwenda kwa daktari huyo mara tatu. Mara ya kwanza daktari aliandika mafua. Mara ya pili aliandika uzee, na Chekeche alikuwa na miaka arobaini na minne. Mara ya tatu aliandika mawazo. Na kila wiki mchekechaji alipungua. Ngozi ya kifua ilikuwa imekazana kama gunia lililoshonwa, na midomo ilianza kuwa na rangi ya majivu.

"Mwite aje aone kwa macho yake," alisema wifi. "Na umlishe. Mtu akishakula kwako, aibu humshika mkono."

Daktari alikuja Jumatano kabla ya kuingia kazini. Alisimama mlangoni mwa chumba, mikono nyuma. Mke akatandika shuka, akapiga mara saba. Daktari aliutazama unga ukitoka kama mtu anavyotazama mvua akiwa ndani. Kisha akainama, akachota kidogo, akausugua kati ya vidole, akaulamba.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa tano huu, daktari."

"Kila siku kiasi hiki?"

"Kila siku. Hata Jumapili haupumziki."

Donge lilipokuwa linaumuka daktari alisinzia kwenye kiti. Mafini zilipoiva alikula tano kati ya nane, akajifuta vidole kimoja kimoja.

"Mama, hizi hata kantini yetu haitoi."

"Ni huo unga wake, daktari. Mimi nimekanda tu."

Alisema hivyo kwa unyenyekevu, na hapo ndipo alipokosea. Daktari alitoa kalamu, akaandika ukurasa mzima, akaukunja, akafunga bahasha, akagonga muhuri. "Mpeleke hospitali na hii," alisema. Mke aliingia jikoni, akaegemea ukuta, akamshukuru Mungu bila sauti. Wifi yeye alishukuru kwa sauti, hata jirani akagonga ukuta.

Siku hiyohiyo walimpeleka kwa toroli la kuazima. Muuguzi wa mapokezi alikuwa mwanamke mtaratibu mwenye miwani. Alifungua bahasha, akasoma, akasoma tena, akaiweka mezani na kuilainisha kwa kiganja.

"Mama, unajua kusoma?"

"Nimefika darasa la saba."

"Basi soma mwenyewe. Isije ikawa mimi ndiye niliyesema."

Barua ilisema kwamba ugonjwa haupo. Kilichopo kifuani ni unga wa kiwanda, daraja la kwanza, uliotoka getini bila kibali. Usioshwe wala usiondolewe mpaka mwenye mali aridhie.

"Angekuwa na uvimbe, tungeukata," alisema muuguzi. "Angekuwa na maji, tungeyavuta. Lakini mali ya watu hatuigusi, mama. Nani atajibu?"

Alimletea Chekeche glasi ya maji, akamshikia mpaka akamaliza. Zaidi ya hapo hakuwa na uwezo, na alisema hivyo.

Asubuhi iliyofuata, saa kumi na mbili, karani wa kiwanda alibisha hodi. Alikuwa ameshika mfuko mpya wenye picha ile ya familia inayocheka. Yeye na Chekeche waliingia kiwandani mwaka mmoja.

"Samahani sana, shemeji. Mimi natumwa."

Alieleza akiwa amesimama. Wakubwa walikuwa wamekaa kikao. Kila jioni walinzi hupekua mifuko, soksi na kofia, ila hakuna aliyewahi kufikiria kifua. Kwa miaka kumi na tisa mtu ametoka na unga mbele ya macho yao. Lakini kwa ubinadamu wamemsamehe wizi, mradi unga urudi, kila siku, kadiri unavyotoka.

"Sikujua," alisema Chekeche kitandani.

"Wanajua hukujua, ndugu yangu. Ndiyo maana wamesamehe."

"Basi wachukue na pua," alisema wifi, "maana ndiyo mlango ulioiba."

Karani alifungua mfuko. Mke alipomaliza kupiga mgongo, karani alimsaidia kukunja shuka, akamimina unga mfukoni polepole usimwagike, akaufunga kwa kamba na kuondoka. Kuanzia siku hiyo mke alipika mafini kwa unga wa dukani. Ziliiva vilevile.

Karani alikuja wiki ya kwanza, ya pili na ya tatu. Wiki ya nne mke aliona jambo, akalinyamazia, kwa kuwa neema ikitangazwa mapema huogopa. Vikombe viwili vilikuwa kimoja na nusu. Siku chache baadaye, kimoja. Chekeche akaanza kusema maneno mawili kwa pumzi, halafu manne. Alhamisi alisimama. Jumamosi alitembea mpaka mlangoni, akashika fremu, akatazama barabara kana kwamba ni mgeni aliyekuja kumtembelea. Midomo ilirudiwa na rangi yake. Mke alipima unga wa kila asubuhi kwa kikombe kilekile, akapiga hesabu kwa vidole, akaona kwamba ukienda hivi, baada ya siku tisa kifua kitakuwa kitupu.

"Wifi," alisema, "hawakutaka kumtibu, na wamemtibu."

"Usiseme kwa sauti," alisema wifi.

Jumatatu karani hakuleta mfuko. Alileta karatasi.

"Shemeji, wakubwa wameona unga umepungua. Nusu kikombe wanasema hakistahili hata safari yangu. Wanamtaka arudi chumba cha kuchekechea." Aliigeuza karatasi. "Wanasema kifua kinahitaji kujazwa."

"Na asiporudi?"

"Msamaha wake uliandikwa kwa penseli."

Mke alivaa nguo yake ya kwendea kwenye sala, akaenda kwa daktari wa kiwanda. Alingoja kwenye benchi mpaka saa sita. Alipoingia, daktari alimkumbuka na kumuulizia mafini.

"Anatembea?" aliuliza daktari, kalamu ikiwa tayari.

Mke alilijua jibu ambalo lingemfaa. Alijua pia kwamba Mungu yumo hata katika ofisi zenye feni.

"Anatembea," alisema. "Mpaka mlangoni. Lakini daktari, zimebaki siku tisa tu, atakuwa mtupu kabisa."

"Hilo ndilo linalowasumbua," alisema daktari, akaandika kwamba mchekechaji ni mzima na anafaa kazi. Barua hii haikuchukua ukurasa mzima. Ilichukua mstari mmoja.

Usiku mke alisali kuliko kawaida. Jibu alilopata ni usingizi, akaupokea. Asubuhi aliukuta moto umeshawashwa. Chekeche alikuwa ameamka kabla yake, amevaa sare, na sare ilimning'inia kama imeanikwa. Mke akakanda, akasubiri, akakata, akaweka nne za kwanza, na zilipoiva akaweka nne za pili. Alikuwa amemshonea kitambaa kizito cha puani chenye kamba mbili. Karani, aliyekuja kumsindikiza, alikigusa akakirudisha mezani.

"Cha kutoka nje hakiruhusiwi, shemeji. Wanasema kitachafua unga."

Wifi alimshika kaka yake mkono wa shati. "Kaa. Wakuite mwizi, sasa hilo litakuua?"

"Watanifunga, dada. Na jela nako watakuja na shuka."

Alikula mafini mbili akiwa wima, zenye siagi hadi pembeni, akasema ni nzuri. Halafu alisimama mlangoni, akavuta pumzi moja ndefu, safi, iliyoingia mpaka chini bila kukwama popote, na wote wanne wakaisikia. Kwa pumzi hiyo moja akamwambia mkewe kwamba azile zilizobaki zingali moto, asimwekee, maana chakula cha mchana wanapewa kulekule, na kwamba moto wa leo ni mkali kidogo, aupunguze.

Lilikuwa neno refu kuliko yote aliyosema kwa miezi sita.

Wakaondoka, yeye na karani, taratibu, bega kwa bega. Mke alibaki mlangoni. Aliwatazama wakienda. Nyuma yake harufu ikaanza kubadilika. Kikaangoni nne za pili zilikuwa hazijageuzwa. Alipunguza moto kama alivyoambiwa, akazigeuza moja moja.