Kibao na Lugha Isiyo na Nchi

Shuleni kwetu Iringa, anayeongea Kiswahili huvishwa kibao shingoni. Mimi na Gwakisa, kwa busara kuu, tulijifunza Kiesperanto, lugha isiyo na nchi, kwa kuwa sheria haikuitaja. Kiranja Anord alibaki kutukodolea macho.

Jana Gwakisa aliitwa ofisini. Mama yake alikuwa amefariki Mbeya. Alirudi bwenini akaanza kukunja shuka. Nilipekua Kiesperanto changu chote: kuagiza chai, kusifu hali ya hewa.

"Pole, ndugu yangu," nikasema.

"Nishapoa."

Anord alikuwa mlangoni. Nikamnyooshea shingo.

"Wee, acha utani," akasema, akificha kibao mgongoni.

"Sheria ni sheria," nikamjibu.

Nikakichukua, nikakivaa, nikabeba begi la Gwakisa hadi kituo cha basi cha Ipogolo. Njiani hatukuongea lugha yoyote.