Nne ya Mashine

"Saa nne umesema, Mwalimu?"

"Saa nne, Alhamisi. Na usinicheleweshe, binti, hili koo lina ratiba yake." Akacheka kile kicheko chake cha kukwaruza, kama mtu anayeburuta kabati sakafuni.

Fundi wa kurekodi naye akacheka, vidole vikicheza kwenye kibodi. Koo la Mwalimu lilikuwa na uvimbe, na Ijumaa madaktari wangeuondoa, pamoja na sauti. Miaka thelathini na moja alifundisha pale chuoni na hakuna aliyewahi kumrekodi hata dakika moja. Somo la Alhamisi lilikuwa la mwisho, na ndilo pekee ambalo lingebaki.

Zamani fundi angesimama nyuma ya kamera, abonyeze, basi. Lakini wiki ile chuo kilikuwa kimeleta programu mpya: unaandika kipindi kwenye kalenda, saa ikifika kamera inajiwasha, ikiisha inajizima, video inajihifadhi yenyewe. Yeye ndiye aliyeiunganisha na kalenda, na furaha aliyokuwa nayo ni ya mtu aliyemfundisha paka kufunga mlango. Akajaza siku, akajaza ukumbi. Mwalimu alikuwa anamsimulia jinsi mkewe alivyowahi kumfichia viatu siku tatu asiende kazini na homa. Fundi, mbavu hana, akaandika: kuanza, nne, kumaliza, sita.

Programu haikuuliza nne ipi. Ikaweka alama ya kijani.

Alhamisi asubuhi bosi akamtuma jengo la pili akafunge mtambo mwingine.

"Bosi, nilitaka nikae na Mwalimu kwanza."

"Ukamfanyie nini? Hiyo kalenda yako inafanya kazi au haifanyi?"

"Inafanya."

"Haya, nenda."

Alirudi saa nane mchana. Video ilikuwepo, ya saa mbili nzima, na jina la Mwalimu juu yake. Akaifungua kabla hata ya kukaa. Giza. Akasogeza mbele. Giza, migongo ya viti, ubao mtupu. Mwishoni kabisa weupe ukaanza kuingia dirishani, na video ikakatika.

Kwa mashine siku huanza usiku wa manane. Nne yake ni alfajiri, saa kumi ya watu. Na saa nne ya watu, kwake, huandikwa kumi. Jambo hilo fundi alilijua tangu shule ya msingi. Juzi tu alikuwa amewaelekeza wenzake, tena kwa mbwembwe.

Akamfuata mwanafunzi mmoja koridoni. "Hakuna aliyerekodi, hata kwa simu?"

"Alituzuia, dada. Alisema mtambo upo, sisi tumsikilize."

"Alifundishaje?"

Mwanafunzi akatazama pembeni. "Dada, we acha tu."

Akabeba kinasa sauti, mbio hospitalini. Upasuaji ni kesho, alijisemea njia nzima. Hata dakika kumi. Hata asome gazeti.

Kitanda kilikuwa kitupu, shuka limeshakunjwa. Mke wa Mwalimu alikuwa kwenye benchi la koridoni, mkoba mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wamemwingiza tangu saa nane. Daktari kaona kesho ni mbali." Akasogea kumpa nafasi. "Kaniambia nisilie. Kasema, sauti yangu nimeiacha kwa yule binti, iko salama."

"Mama..."

"Kaa kwanza, unahema."

Akakaa. Mama akaviona visikilizio vya masikioni vinavyoning'inia shingoni kwa fundi, akavivua polepole kama anayemvua mtoto kofia, akavivaa mwenyewe juu ya kitambaa cha kichwa.

"Niwekee kidogo tu," alisema. "Pale anapocheka."

Akafumba macho, akasubiri. Waya ulilala kati yao kwenye benchi, na ncha yake fundi aliishika kiganjani, haijachomekwa popote.