Mkono Begani

Mwalimu Ipyana alikuwa akikieleza kidato cha tatu, pale Kizwite, kwamba damu mwilini hufuata sheria ileile ya maji kwenye bomba: ikipandishwa juu ya moyo, presha yake hupungua. Ili waamini, akamfunga mwanafunzi mmoja, Yusto, mashine ya presha kwenye kifundo cha mkono. Mkono ukiwa usawa wa moyo, ilisoma 121. Alipouinua hadi usawa wa kichwa, ikasoma 95.

Darasa likacheka. Mwalimu akakaa, chaki mkononi, akashindwa kuendelea.

Mashine ile ilikuwa ya mkewe, Violeth, aliyezikwa kwao Mpui miezi miwili iliyopita, na mimba yake tumboni. Kliniki walimwambia ikipita 140 awahi hospitali. Kila jioni Violeth alikaa mkekani, Ipyana kwenye kiti mbele yake, naye Violeth akamwekea mumewe begani mkono wenye mashine, ikivuma. Mahaba tu. 124. 127. Akilalamika kuwa kichwa kinamuuma, Ipyana alimjibu kuwa ni uchovu, mashine haidanganyi. Na kweli haikudanganya. Ilipima mkono uliokuwa juu ya moyo. Ongeza 26 zilizopungua kwa Yusto uone: 150, 153. Kifafa cha mimba kikamchukua Jumapili moja asubuhi. Mganga hajigangi, watu husema, lakini huyu aliifundisha sheria hiyo miaka tisa, akaisahau nyumbani kwake mwenyewe. Hilo alilitambua palepale, mbele ya wanafunzi.

Tangu msiba, mama mkwe wake, Kristiana, alijilaumu yeye: eti ni magadi aliyomtilia binti yake kwenye mboga yaliyompandisha presha. Ipyana angeweza kunyamaza, na nani angejua? Jumamosi akapanda basi la Laela, akashuka Mpui.

Alimkuta uani akipepeta ulezi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu kiti."

Hakukaa. Alimweleza yote: mkeka, kiti, mkono, hesabu. "Magadi hayana kosa, mama. Ni mimi."

Kristiana aliweka ungo chini. Kuku wakaja kudonoa ulezi, wala hakuwafukuza.

"Ungeniacha na magadi yangu," alisema hatimaye. "Kujilaumu nilishazoea. Sasa itanibidi nikuchukie wewe, na sina mtoto mwingine aliyebaki ila wewe."

Akaingia ndani, akafunga mlango kwa komeo.